Maji ya Kumsindikiza Gorica

Katika karakana ya vyuma ya Jelić, pale Smederevo upande wa relini, kila mtu alimwita Gorica "injinia". Wachomeleaji walimwita hivyo wakitaka awapunguzie maneno, tajiri alimwita hivyo akitaka mchoro wa haraka, na muuza magazeti wa kona alimwita hivyo kwa kuwa alisikia wengine wakimwita. Gorica aliitikia akitabasamu, na kila mara kitu kikamchoma kifuani. Maana hakuwa injinia. Alichora nguzo na boriti za maghala ya nusu ya mkoa, lakini pale chini, pembeni mwa mchoro, mahali pa saini, hakuruhusiwa kutia hata nukta. Aliyesaini ni mzee mmoja mstaafu aliyeletwa kila Ijumaa. Alikunywa kahawa yake, akasaini rundo zima bila kuvua koti, akaenda zake.

Kati ya Gorica na saini hiyo ulisimama mtihani mmoja tu: usanifu wa majengo ya chuma. Ndiyo, kazi ile ile aliyoifanya kila siku. Cheka tu, si wewe wa kwanza. Mitihani mingine yote alikwisha kuimaliza chuoni Belgrade akiwa msichana, na hata huu, sehemu ya kuandika haikumshinda hata siku moja. Kilichomshinda ni kukaa mbele ya Profesa Ostojić na kufungua mdomo.

Profesa huyo hakuwa mtu wa kufoka. Afadhali angefoka, mfokaji unamzoea. Yeye alisema polepole, na ukikosea alivua miwani, akatazama dirishani kana kwamba huko nje amesimama mwanafunzi bora kuliko wewe. Mbele ya miwani ile ulimi wa Gorica ulikauka. Jibu alilijua, aliliona kabisa kichwani limechorwa na vipimo vyake, lakini halikutoka. Akarudishiwa kijitabu chake cha alama, akaondoka. Akarudi muhula uliofuata, yakawa yale yale. Baadaye akaolewa na Ratko, dereva wa malori ya kwenda nje, akapata kazi kwa Jelić, na mtihani ukawa wa "mwakani".

Na hiyo mwakani ilikuwa tamu, kwa sababu chuo kilimsaidia kuila. Kila mwaka kilitangaza kuwa wanafunzi wa mtaala wa zamani wasipomaliza kabla ya tarehe fulani watafutwa, na mitihani yao yote waliyokwisha kufaulu itahesabiwa kuwa si kitu. Na kila mwaka, tarehe ikikaribia, kikaongeza muda. Sisi watu wa huku tunajuana. Tarehe ya mwisho kwetu ni salamu tu, unaipungia mkono inapita. Mtu akimaliza jambo kabla ya wakati, majirani humuuliza kama anaumwa. Basi Gorica naye akapunga mkono, mwaka baada ya mwaka, mpaka nywele za kwanza nyeupe zikamwota.

Desemba ile tangazo likatoka fupi: muhula wa Januari ndio wa mwisho, hakuna nyongeza. Gorica akacheka. Kisha akapiga simu ofisi ya wanafunzi, ili acheke pamoja nao.

"Dada, safari hii ni kweli," akasema mama wa ofisini. "Hata mimi sikuamini. Nimepanda juu kuuliza mara mbili."

Jioni ile Gorica alikaa jikoni akimenya viazi, machozi yakimdondoka kwenye maganda. Mama mkwe wake, Vidosava, akaingia na kuni mkononi. Alikuwa mjane, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuita watu chakulani, kwa kuwa maisha yake yote alikuwa mpishi wa kantini kiwandani. Akasimama, akamtazama.

"Vitunguu viko kule," akasema. "Hivyo ni viazi."

Gorica akajipangusa kwa kiwiko. Hapa inabidi ujue kwamba siku ya harusi Vidosava ndiye aliyepita mtaa mzima akitangaza kuwa mwanawe anaoa injinia. Gorica alitaka kumsahihisha, akaona aibu, akajiambia atafaulu mtihani kwanza halafu hapatakuwa na cha kusahihisha. Uongo wa namna hiyo ni kama mgeni anayesema hakai. Ulikuwa umekaa miaka yote hiyo, umevua na viatu.

"Mama," akasema, "mimi si injinia. Sikumaliza."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Kwamba hukumaliza." Vidosava akatupia kuni jikoni. "Mtu akimaliza chuo, kwao huchomwa nguruwe mzima, watu wanakula mpaka asubuhi. Nguruwe wako mimi sijamla. Mwaka wa kwanza nikasema labda ni wabahili kwenu. Mwaka wa pili nikaelewa."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie nini, mwanangu? Si chuo chako? Nilikuwa nangoja nguruwe." Akavuta kiti, akaketi. "Haya, unalilia nini leo na siyo jana?"

Gorica akamweleza: muhula wa mwisho, Ostojić, ulimi. Kwamba akianguka safari hii hapotezi mtihani mmoja, anapoteza chuo chote, na hatasaini mchoro maishani. Vidosava akasikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo.

"Kwa hiyo mambo unayajua, kusema ndiko huwezi."

"Ndiyo."

"Basi utayasema kwangu."

"Mama, wewe hujui chochote cha vyuma."

"Ndiyo maana. Anayejua utamdanganya kwa maneno makubwa. Mimi utanidanganyaje?"

Hivyo ndivyo jikoni kwa akina Stamenić, nyumbani kwa Ratko na mamaye, kulivyofunguliwa chuo kikuu. Kila jioni Gorica aliporudi kutoka kazini na kula, Vidosava alifuta meza, akafunga dirisha hata ufa wake, maana upepo wa kupenya aliuogopa kuliko mauti, akavaa miwani ya marehemu mumewe na kuketi pale kichwani mwa meza. Mbele yake aliweka kofia ya manyoya ya marehemu huyo huyo, imejaa maswali. Gorica mwenyewe aliyaandika kwenye vipande vya karatasi, kama yanavyookotwa kwenye mtihani wa kweli.

"Mwanafunzi, chota," alisema Vidosava, na sauti yake haikuwa na utani hata chembe.

Siku za kwanza ilikuwa aibu tupu. Gorica aliokota karatasi, akaanza kwa kigugumizi, akajificha nyuma ya maneno ya kitabuni. Vidosava alimsikiliza mikono ikiwa tumboni.

"Sijaelewa. Eleza tena."

Akaeleza tena.

"Sijaelewa. Na hapo katikati umebabaisha. Sauti yako inakuwa nyembamba ukibabaisha. Nimelisha wanaume kiwandani maisha yangu yote, kila mmoja akiniapia kwamba hajapata nyama. Sauti ya uongo naijua."

Gorica akainuka, akatupa karatasi mezani. "Ostojić hawezi kuwa mbaya kama wewe!"

"Vizuri. Kaa chini. Chota."

Siku moja alichota swali la nguzo nyembamba chini ya mzigo. Alilieleza mara ya kwanza, ya pili, na mama mkwe akakataa tu. Gorica, kwa hasira, akachomoa liki kwenye kapu, lile tunguu refu la majani la majira ya baridi, akalisimamisha mezani na kulikandamiza kwa kiganja juu.

"Tazama! Unasukuma chini, siyo? Halipondeki. Lina nguvu ya kutosha. Lakini ni refu na jembamba, basi linatafuta njia ya kando. Hili hapa, linabinuka! Nguzo nyembamba haifi kwa kupondwa, mama. Inakufa kwa kutoroka ubavuni."

Vidosava akalitazama liki lililopinda, kisha kofia.

"Kama marehemu baba mkwe wako," akasema. "Mzigo ukizidi tu nyumbani, ubavuni huyoo, mpaka kilabuni. Sasa nimeelewa. Na dawa yake?"

"Umshike katikati. Umwekee kiungo cha kumzuia asitoke."

"Ungeniambia mapema, mwanangu. Ungeniambia miaka arobaini iliyopita."

Wakacheka mpaka Vidosava akavua miwani. Na kuanzia siku ile mambo yakafunguka. Bolti iliyofungwa karibu mno na ukingo wa bamba ikawa kifungo kilichoshonwa pembezoni mno mwa kitambaa, kikakichana. Boriti ikawa ubao wa kusukumia tambi. Kila kitu kilichokuwa kimechorwa kichwani mwa Gorica kikaanza kushuka mdomoni kwa njia ya jikoni, na sauti yake ikanenepa.

Swali moja Vidosava alilipenda kuliko mengine, akawa analirudisha kwenye kofia makusudi. Lilikuwa hili: kwa nini chuma cha kujengea huaminiwa kuliko kile cha kusubu, kigumu, cha vifuniko vya majiko? Gorica alimwonyesha kifuniko cha jiko lao, kilichopasuka vipande viwili majira ya kiangazi bila mtu kukigusa.

"Hiki hakina salamu. Kizima, kizima, mara paa! Lakini chuma kizuri, mzigo ukizidi, kinapinda kwanza. Kinarefuka, kinalia, rangi inabanduka. Watu walio ndani wanasikia, wanatoka mbio. Ndipo kianguke, kama kitaanguka. Hakivunjiki bila kukuonya."

"Chuma mwungwana," akasema Vidosava. "Hebu sema tena hapo pa watu wanatoka mbio."

Januari ikaingia na košava, ule upepo wetu wa Danubi unaotafuta kila tundu la koti. Sehemu ya kuandika Gorica aliipita, kama kawaida. Ikabaki siku ya mdomo. Asubuhi hiyo alivaa sketi yake ya heshima na viatu vizuri, akashindwa kula, akasimama mlangoni. Vidosava alikuwa amekwisha kujaza jagi la bati.

Kwingine maji yakimwagika watu husikitika. Kwetu mtu akienda kwenye mtihani humwagiwa nyuma makusudi, ili mambo yake yatiririke kama maji, na sharti lake ni moja: asigeuke. Akigeuka, bahati inabaki mlangoni. Mara zile za zamani Gorica aliondoka kwa siri, hakuna aliyemmwagia hata kikombe. Vidosava alikuwa ameambiwa hilo, na alikusudia kufidia yote kwa mara moja.

"Mama, kuna barafu, maji kidogo tu," akasema Gorica.

"Usinifundishe maji. Nenda. Na usigeuke!"

Gorica akashuka ngazi, akapita lango. Nyuma yake akasikia maji yakipiga mawe, shwaa, kisha kishindo, kisha bati likibingirika.

"Mama! Nini hicho?" akauliza, shingo imekakamaa, uso mbele.

"Jagi!" ikajibu sauti ya Vidosava. "Jagi limeniponyoka! Wewe nenda, basi litakuacha!"

Ile sauti ilikuwa nyembamba kidogo. Gorica aliisikia, ikamkwaruza, akasimama. Akanyanyua mguu kugeuka.

"Gorica! Ukigeuka nakuapia sikupikii tena mpaka nife!"

Basi akaenda.

Ukumbi wa chuo ulinuka nta ya sakafu na makoti mabichi, kama zamani. Profesa Ostojić alikuwa amezeeka, amekonda, lakini miwani ilikuwa ile ile, au ndugu yake. Akamwonyesha Gorica karatasi za maswali zilizolazwa kifudifudi. Akaokota. Nguzo nyembamba chini ya mzigo.

Ungedhani angeruka kwa furaha. Alikaa, akatayarisha, akaitwa mbele, akafungua mdomo, na mdomo ukawa mkavu kama unga. Akatamka neno moja la kitabuni, la pili, akanyamaza. Jibu lilisimama kichwani limechorwa vizuri sana, na halikushuka. Profesa akangoja. Mkono wake ukaanza kupanda kuelekea kwenye miwani.

"Sijakuelewa, mwenzangu," akasema polepole. "Hebu eleza tena."

Gorica akamtazama. Maneno yale alikuwa amekwisha kuyasikia mpaka yakamtoka puani, na kila mara aliyemwambia alikuwa na kofia ya manyoya mbele yake.

"Chukua liki, profesa," akasema.

"Nichukue nini?"

"Liki. La sokoni, refu. Lisimamishe mezani, ulikandamize juu."

Na Gorica akaeleza. Akaeleza kwa mikono yote miwili, akasukuma liki ambalo halikuwapo, akalibinua, akalishika katikati, na kutoka hapo akaingia kwenye hesabu yenyewe, urefu, unene, namna nguzo ilivyoshikwa miguuni na kichwani, akaandika ubaoni. Profesa akauliza, akajibiwa. Akauliza kwa kona, akajibiwa. Mwishoni akavua miwani.

Lakini profesa hakutazama dirishani. Alitoa kitambaa, akajifuta macho, na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

"Miaka yote nafundisha kitu hiki," akasema, "na sijawahi kukinusa. Mbona hukunieleza hivi mara zile, mwenzangu?"

"Mara zile sikuwa na mama mkwe."

Akampa nane kwa kumi, akasaini kijitabu, akamrudishia. "Msalimie mama mkwe, mhandisi," akasema, na kumwita anayefuata.

Gorica alitoka hadi koridoni, akaegemea ukuta, akakaa chini pale pale na sketi yake ya heshima. Alilia, akacheka, akalia tena. Alijisikia mwepesi kiasi cha kuogopa. Miaka yote alikuwa akitembea na jiwe kifuani, akilizoea hadi kudhani ndivyo vifua vya watu vilivyo. Akampigia Ratko, ambaye alikuwa barabarani kule Austria, na Ratko akapiga honi ya lori mpaka simu ikakatika. Akapiga nyumbani. Simu ikaita mpaka mwisho. Akapiga tena, ikaita tu.

Atakuwa kwa jirani, akajiambia, anajigamba kabla hajapewa habari.

Aliporudi Smederevo alipita kwa mchomaji wa barabara kuu, akanunua nyama ya nguruwe ya kuchoma, na ngozi yake iliyokauka ikilia kwenye karatasi. Nguruwe mzima angesubiri Ratko arudi, lakini mtu hawezi kuja mikono mitupu kwa aliyengoja miaka mingi hivyo. Akafika langoni. Ngazi zilikuwa zimemwagwa majivu ya kuzuia utelezi, kila moja, juu ya barafu iliyong'aa kama kioo. Hapo ndipo alipoanza kukimbia.

Vidosava alikuwa jikoni kichwani mwa meza, mahali pake, miwani ya marehemu puani. Kofia ilikuwa mbele yake. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa plasta ngumu ya kuunga mfupa, nyeupe, mpya, kutoka vidoleni hadi kiwikoni.

"Umefaulu?" akauliza.

"Mama, mkono!"

"Nimekuuliza umefaulu?"

"Nane. Nimefaulu. Mama, umevunjika!"

Vidosava akafumba macho, akavuta pumzi ndefu kutoka mbali. Machozi mawili yakamtoka chini ya miwani, akayafuta kwa mkono mzima, upesi, kama anayefukuza inzi. "Nane," akasema. "Oh, mwanangu. Nane."

"Ilikuwa wakati ule. Ukasema jagi."

"Na jagi nalo lilianguka. Sikudanganya yote."

"Sauti yako ilikuwa nyembamba, nilisikia! Kwa nini hukupiga kelele? Ningerudi!"

"Ndiyo hivyo, injinia." Vidosava akagonga plasta mezani taratibu. "Si wewe uliyenifundisha? Chuma kizuri kikizidiwa kinalia kwanza, na watu wanatoka mbio. Sasa mimi ningelia, nani angetoka mbio? Wewe, kwenye basi. Nikaona bora leo niwe kile kifuniko cha jiko."

Gorica akapiga magoti, akalaza kichwa mapajani mwake, na karatasi ya nyama bado iko mkononi. Vidosava akamwacha alie kidogo, akimpapasa nywele kwa mkono wa kushoto. Kisha akachoka kuwa mpole.

"Basi, basi. Kalamu iko kwenye kofia. Itoe."

"Ya nini?"

"Daktari kasema watu husaini plasta. Persa wa jirani alitaka kuanza, nikamkatalia. Hii ni kazi ya nyumba hii, isainiwe na mwenye haki." Akanyoosha mkono mezani, mweupe, mtupu. "Hapa chini, pembeni. Si huwa ni pale?"

Gorica akachukua kalamu. Akainama pale chini, pembeni, mahali ambapo maisha yake yote hakuruhusiwa kutia nukta, akaandika jina lake zima, na mbele yake akaandika neno moja: mhandisi. Vidosava akaigeuzageuza plasta kwenye mwanga, akasoma, akasoma tena.

"Umeandika vizuri," akasema. "Sasa kata hiyo nyama, inapoa."